Kigango Si Kinyago cha Kuuzwa
Maneno ya hotuba kwa watu wa Utange, Kisauni



Neno langu ni juu ya vigango, yaani mbao za kuchongwa ambazo Wagiriama na baadhi ya ndugu zao wa Mijikenda huwasimamishia wazee wao waliokufa. Wengi wenu mwavijua vema. Lakini Utange siku hizi ina watu wa makabila mengi, na vijana wengi wamezaliwa mjini. Basi yafaa tuanze mwanzo.

Kigango hakichongwi kwa kila mtu. Huchongwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu, chama cha watu wenye mali na heshima, walioingia kwa kutoa ada na karamu. Mara nyingi marehemu humtokea mtu wa jamaa yake katika ndoto, au maradhi huingia nyumbani, na mganga akitazama husema kwamba mzee anataka kigango chake. Hapo jamaa hukusanyika na kumtafuta fundi. Hukatwa mti mgumu, kama muhuhu, ambao mchwa hawauwezi upesi. Fundi huchonga kichwa na kiwiliwili, akatia nakshi za pembetatu na kuzipaka rangi. Kikisha kusimamishwa, hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo.

Tena desturi yasema kigango kikisha kusimama hakihamishwi. Jamaa wakihamia shamba jingine, chenyewe hubaki pale pale. Hapa ndipo wezi walipopata mlango. Wanunuzi walisema kwamba vitu hivi vimetupwa, havina mwenyewe. Ndugu zangu, kaburi lililo mbali na nyumba bado ni kaburi.

Tangu miaka ya 1970 vigango viling'olewa kwa wingi, vikapita katika maduka ya vinyago na kupelekwa ng'ambo. Mwaka 2003 wataalamu waliandika kwamba wamehesabu karibu 300 katika majumba ya makumbusho 19 ya Marekani. Ni uchungu kusema, lakini lazima isemwe: mara nyingi mkono ulioving'oa ulikuwa wa kijana wa papa hapa pwani, aliyepewa fedha kidogo kwa kitu kilichouzwa baadaye kwa maelfu ya dola.

Sasa sikilizeni habari hii. Mwaka 1985 bibi mmoja mtaalamu kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda mrefu vigango vile vikaibiwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, bibi huyo aliona picha ya kigango kilichokuwa katika makumbusho ya Illinois, akakitambua. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia katikati ya mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa kwa jamaa yake. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Linganisheni na habari nyingine. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudi Kenya kutoka makumbusho ya Denver, na mwaka 2023 vingine 37 kutoka Illinois. Ni jambo la kushukuru. Lakini wale 30 wa Denver walirudi bila majina. Hakuna aliyejua walitoka boma lipi, wala ni baba wa nani. Vile viwili vilifika nyumbani kwa sababu moja tu: vilikuwa na shahidi, nayo ni ile picha.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

La kwanza, yeyote mwenye kigango katika shamba la jamaa yake, kwa ruhusa ya wazee akipige picha. Aandike jina la marehemu, jina la mahali, na mwaka. Simu ya mkononi inatosha. Nakala moja ikae nyumbani, na nyingine kwa ndugu anayeaminika.

La pili, kikiibiwa, msinyamaze kwa aibu. Pelekeni habari polisi na kwa maofisa wa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus siku ile ile. Sheria ya mwaka 2006 inakataza kupeleka vitu vya kale nje ya nchi bila kibali.

La tatu ni lenu, vijana. Kazi ya kuchonga si haramu. Pale Changamwe wachongaji wa Kikamba wana chama chao cha ushirika tangu miaka ya 1960, nao huwauzia wageni vinyago vilivyochongwa kwa ajili ya kuuzwa. Chongeni, uzeni, mle jasho lenu. Lakini kigango ni mzee wa mtu.

Najua wengi kati yenu ni Waislamu na Wakristo, wala sikuja kumwambia mtu aifuate mila asiyoitaka. Mtu asiyemwaga tembo aweza bado kulinda kaburi la jirani yake. Mwenye kukataa kununua amemkatia mwizi soko, na mwenye kuandika jina amemfungulia mzee njia ya kurudi nyumbani.