Tuache njia mbele ya kujenga

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kolwezi



Wengi wetu tukirudi tunatafuta parsele pembeni ya mji, maana kule bei iko chini. Kila mtu anapima yake, anajenga ukuta, basi. Mwenye kufuata anafanya vile vile. Mwisho barabara inafia mbele ya ukuta wa jirani. Mama akishikwa na uchungu usiku, gari haimufikie. Tunamubeba.

Kolwezi ilianza 1937, barabara zikichorwa mbele ya nyumba. Mpango ule ulikuwa na ubaya wake: ulitenga mji wa wazungu na sité ya weusi, na kambi za wafanyakazi kama Musonoi zikawekwa mbali, karibu na migodi. Lakini ndani ya sité, avenyu inakata avenyu. Ukikuta moja imefungwa, unapitia ingine.

Na hapa kwetu njia inaweza kufungwa na mgodi pia. Kule Kasulo, 2014, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao. Mashimo yakachimbwa mu parsele, hata mu nyumba. 2017 watu wa sehemu moja wakahamishwa, ikazungushiwa ukuta. Kartie yenye kuwa na njia moja tu, ikifungwa vile, watu watatokea wapi?

Si sisi peke yetu. Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walitoa mu 2020 hesabu ya miji ya dunia nzima: tangu 1975, barabara mpya zinazidi kukosa kuungana. Na nyumba inaweza kubomolewa kesho, lakini barabara ikisha kuchorwa inabaki miaka na miaka.

Njo maana ninaomba mambo mawili. Wanachama wanaopakana wakae pamoja mbele ya kuweka tofali la kwanza, waache njia ya gari inayotokea pande zote mbili, iandikwe kwa mkubwa wa kartie na ku kadastre. Nanyi marafiki, mbele ya simenti, mutusaidie kulipa mupimaji na mawe ya mipaka. Simenti tutaitafuta pole pole. Njia, ikisha kujengewa, hatutaipata tena.

Wanaopakana wajiandikishe leo kwa katibu.