Mahitaji Binafsi ya Kijana Anayemaliza Depo ya Wanamaji wa Marekani



Katika familia zetu zilizotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi na kuhamia Marekani, wapo vijana wanaojiunga na Jeshi la Wanamaji la nchi hii. Uraia si sharti la kuandikishwa. Kadi ya ukaazi wa kudumu inatosha, ingawa baadhi ya kazi za siri hupewa raia pekee. Mada yangu inahusu swali ambalo wazazi huniuliza mara nyingi: kijana akishahitimu depo, tumnunulie nini?

Jibu langu ni kwamba mnunulieni vichache, lakini mtafutieni karatasi zake zote.

Depo ya wanamaji ni moja tu, Great Lakes, jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan. Tangu mwaka 2025 mafunzo huchukua wiki 9. Awali yalikuwa wiki 10. Kijana akifika, nguo za kiraia alizovaa hutumwa nyumbani au hutolewa sadaka, kisha jeshi humvika kuanzia soksi hadi sare nyeupe ya gwaride. Vyote hivyo huingia katika begi moja kubwa la turubai, ambalo atalibeba begani kwenda chuo cha fani: San Antonio kwa wauguzi wa jeshi, Pensacola kwa wengi wa upande wa ndege, Groton kwa wa nyambizi. Safari hiyo huanza muda mfupi baada ya gwaride la kuhitimu. Mzazi anayekuja kwenye sherehe na sanduku la mablanketi na viatu vya mtoko anamwongezea mwanawe mzigo usio na pa kuwekwa.

Nafasi itabana zaidi akipangiwa meli. Mabaharia wa vyeo vya chini hulala kwenye vitanda vya deka, mara nyingi vitatu kwenda juu, na sehemu kubwa ya mali ya mtu hukaa katika kisanduku chembamba chini ya godoro lake. Hapo panatosha kandambili za bafuni, taulo linalokauka upesi, kufuli imara, saa ya bei nafuu, hedifoni za kumpatia utulivu kati ya zamu, pamoja na picha za nyumbani. Nguo za kiraia ziwe jozi mbili tatu, kwa sababu chuoni haruhusiwi kuzivaa mpaka apewe ruhusa. Pasi asibebeshwe. Chombo chochote cha umeme hukaguliwa kabla ya kutumika melini, kwani moto ukizuka baharini hakuna pa kukimbilia.

Akina mama, naomba mnisikilize hapa. Msimtumie dawa za miti shamba ambazo hamjui zimechanganywa na nini. Wanajeshi hupimwa mkojo kwa kushtukizwa, na wanamaji wamekatazwa hata mafuta yaliyotengenezwa kwa hemp, mmea wa jamii ya bangi. Miraa, ambayo kwetu Meru ni biashara halali, hapa ina kemikali iliyopigwa marufuku na sheria ya nchi. Kijana anaweza kufukuzwa kwa zawadi ya shangazi.

Sasa nirudi kwenye karatasi, maana hapa ndipo familia zetu zinapokwama. Aliyeoa hawezi kumwandikisha mkewe apate matibabu na kitambulisho cha jeshi bila cheti cha ndoa. Ndoa iliyofungwa kwa mila, ikabaki kwenye kumbukumbu za wazee tu, itampa shida. Vyeti vya Kongo na Burundi vilivyoandikwa kwa Kifaransa vinahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Halafu kuna majina: pasipoti inasema Juma, cheti cha kuzaliwa kinasema Jumaa, kadi ya ukaazi imeacha jina la babu. Tofauti ya herufi moja inaweza kuchelewesha ombi la uraia, ambalo mwanajeshi huruhusiwa kulipeleka bila kulipa ada. Bima ya maisha nayo, inayofikia dola 500,000, hulipwa kwa mtu aliyeandikwa kuwa mrithi. Kijana aamue mapema nani huyo, na amwandike kama anavyosomeka kwenye hati zake.

Vyeti halisi vibaki nyumbani mahali salama mpaka vitakapohitajika, naye abaki na nakala zilizothibitishwa. Kama ana gari au nyumba ya kupanga, aandike hati ya uwakili ili ndugu anayeaminika amsimamizie mambo hayo akiwa safarini.

Ninawaomba wazazi ambao vijana wenu wanasubiri tarehe ya kuripoti Great Lakes: cheti kilichobaki Kigoma, Mombasa au Bukavu kianze kufuatiliwa sasa, kabla mtoto hajaondoka.