MWAMBA UKIFUNGWA
Maneno ya wanachama wauza samaki, siku ya kikundi kutimiza miaka kumi, Kewanja



Katibu ametuonya tusizidishe robo saa. Sisi ni wauza dagaa, tumezoea kusema mpaka mteja anunue ili tu anyamazishwe, lakini leo tutajitahidi.

Tulipotaja kwamba tutazungumza juu ya uvuvi wa pwani, mama mmoja akacheka, akasema, "Jamani, nyie watu wa mlimani na machimboni, bahari ya chumvi inawahusu nini?" Swali lake ni zuri. Kewanja hatuna bahari. Tuna Mto Mara unaoteremka kwenda Ziwa Victoria, na samaki wetu wanatufikia kwa gari kutoka Musoma na Shirati. Pweza wengi wetu tumemwona kwenye kitabu cha shule tu. Lakini mwaka jana wawili kati yetu tulikwenda Pemba kumwona mjukuu, kwa maana mwenzetu mmoja ana binti aliyeolewa huko. Tulikwenda kubeba mtoto, tukarudi tumebeba somo. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni tuna jambo la kuungama na tuna ombi.

Tuanze na bahari yenyewe. Watu wa pwani wanahesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi inavuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi. Hapo bahari imetulia, maji ni ya moto, na vyombo vidogo vinaweza kutoka nje ya miamba. Kisha inakuja kusi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, upepo mkali na mawimbi. Mwenye ngalawa anabaki ndani, karibu na nchi, au anakaa nyumbani kushona nyavu. Kwa hiyo kama sisi tulivyo na mwezi wa palizi na mwezi wa njaa, wao nao wana miezi ya kula na miezi ya kungoja.

Na ndani ya kila mwezi kuna kalenda nyingine, ya maji kupwa na kujaa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita mita 3. Katikati yake yanakuja maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Siku za bamvua, maji yakikauka, mwamba unabaki wazi. Hapo ndipo wanawake wanapotoka na vijiti vyao kuchokoa pweza kwenye mashimo. Mwanamke haendi na mashua wala nyavu. Anakwenda kwa miguu yake, maji yakimfika magotini, na anarudi kabla bahari haijarudi. Hilo ndilo shamba lake.

Wauza dagaa wenzetu mnaelewa habari hii bila kufundishwa. Dagaa wa kwetu wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika na bei sokoni inapanda. Dagaa wa bahari nao ni hivyo hivyo. Chumvi au maji baridi, mwezi ni mmoja.

Sasa pweza. Kiumbe huyu anaishi muda mfupi, kama mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Lakini anakua kwa kasi ya ajabu: wa nusu kilo, ukimwacha miezi miwili mitatu, anaweza kufika kilo na kuzidi. Jike akishataga anakaa shimoni kulinda mayai, hali chakula, na mayai yakianguliwa yeye anakufa. Tulipoambiwa hilo tulinyamaza kidogo. Nani kati yetu hamjui mama wa namna hiyo?

Tatizo likawa hivi. Watu wameongezeka na wanunuzi wameongezeka, pweza wa hoteli na pweza wa kupelekwa Ulaya. Basi kila bamvua mwamba unapekuliwa, na hata pweza wa ukubwa wa kiganja anachukuliwa. Ukimuuliza mchokoaji kwa nini anamchukua mdogo hivi, anakujibu: "Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwenzangu." Maneno hayo tumeyasikia hata hapa kwetu, ila si juu ya pweza.

Dawa yake ilijaribiwa kwanza kisiwa cha Madagaska, katika kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004. Wanakijiji walikubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi kadhaa, mtu asiguse, halafu waifungue wote kwa siku moja. Walipofungua, pweza walikuwa wengi na wakubwa. Habari ikaenea. Kisiwa cha Rodrigues kilifunga uvuvi wa pweza kwa kisiwa kizima mwaka 2012. Kwetu Tanzania, Pemba wamefanya, na Kisiwa Panza ni mojawapo ya sehemu zinazotajwa. Unguja wamefanya huko Kizimkazi. Kwa kawaida wanafunga miezi mitatu, na kamati ya wavuvi ya shehia ndiyo inayolinda.

Akina mama, mnaona tunakokwenda. Mwamba uliofungwa miezi mitatu ni sanduku letu lililofungwa miezi kumi na miwili. Wao wana walinzi, sisi tuna kufuli tatu na watunza funguo watatu wanaokaa nyumba mbalimbali. Wao wana siku ya kufungua, sisi tuna siku ya kuvunja mzunguko na kugawana. Sanduku la namna hii nalo halikuzuka hewani. Lilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, wanawake wa nchi kavu na jangwa, na likafika mpaka kwetu. Wale hawakuwa na bahari, na sisi hatuna. Lakini wote tumejifunza kuacha kitu kikue.

Kama tungeishia hapo mngepiga makofi, tungekaa. Lakini tulikaa Pemba wiki tatu, na mwenyeji wetu, mama mkwe wa binti yetu, ni mchokoaji tangu utoto. Jioni moja tukamsifia: "Mnafanya kazi nzuri, mnafunga mwamba." Akatuangalia, akasema: "Kufunga ni kuzuri. Lakini niulizeni mwamba ukifungwa tunakula nini."

Tukamuuliza. Akatupa mambo matatu, na tumeyaandika ili yawe ndani ya kitabu hiki.

La kwanza, hawafungi mwamba wote. Wanafunga kipande, na kipande kingine kinabaki wazi, ili mwenye njaa apate pa kwenda. "Ukifunga wote," alisema, "hujafunga pweza, umefunga mdomo wa mtoto. Na mama wa mtoto huyo ataingia usiku. Utamwita mwizi, lakini wewe ndiye uliyemtuma."

La pili, walinzi ndio wa kwanza kulindwa. Mlinzi akichukua pweza mmoja tu kwa siri, kesho yake kijiji kizima kiko mwambani.

La tatu, siku ya kufungua ni siku ya hatari. Siku hiyo wanakuja watu ambao hawakufunga. Wanakuja kwa mashua toka mbali, wanaume wenye miwani ya kuzamia, wanapita penye kina na kuwachukua wakubwa. Mwanamke aliyengoja miezi mitatu anatembea na kijiti chake pembeni, anapata vilivyobaki. Ndiyo maana inabidi kupanga mapema nani aingie, saa ngapi na kwa zana gani.

Usiku ule hatukulala mapema. Kwa sababu lile la kwanza lilitugusa penye kidonda.

Ndugu wanachama, mnaukumbuka mwaka wetu wa tatu. Tulikuwa na ari kubwa. Tulisema sanduku ni sanduku, halifunguliwi kwa machozi ya mtu. Mfuko wa jamii tuliufuta, tukasema ni hela inayolala. Mikopo tukaisimamisha miezi ya mwisho ili hesabu ipendeze siku ya kugawana. Tulifunga mwamba wote.

Katika miezi hiyo mwenzetu mmoja aliuguliwa na mtoto. Alikuja kwetu jioni, na hela yake mwenyewe ilikuwa ndani ya sanduku, hisa zake alizolipa kila wiki bila kukosa. Tukamsomea katiba. Tulimsomea kifungu kwa kifungu, kama mahakimu. Akaondoka. Akauza gunia lake la dagaa kwa bei ya kutupa, akakopa kwa mtu wa riba, mtoto akatibiwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini biashara yake ilikufa, na kwenye kikundi hakurudi tena. Sisi tukagawana siku ile, tukapiga picha. Picha hiyo imo ndani ya kitabu hiki. Mkiitazama, mjue nani hayupo.

Mwenzetu huyo tulimwendea mwezi uliopita, tukamwomba radhi. Ameturuhusu kuisema habari hii bila kumtaja jina. Tulipomwomba arudi, alijibu: "Kwanza nione katiba." Tunaona ana haki.

Wengine mtasema, lakini kufunga kunasaidia, mbona serikali nazo zinafunga? Ni kweli. Jirani zetu wa Kenya, hapo tu baada ya Sirari, wana utaratibu wa kupumzisha omena kila mwaka kuanzia Aprili mpaka Julai. Na mwaka 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Hatupingi. Samaki wasipopumzika, wajukuu zetu watamjua dagaa kwa picha kama sisi tulivyomjua pweza. Wapo pia wasiotaka kungoja hata siku moja, wanaovua kwa baruti. Sisi wa Nyamongo neno baruti hatuhitaji kufafanuliwa. Bahari ikipigwa baruti, samaki anakufa pamoja na nyumba yake, na mwamba unachukua miaka mingi kupona. Kikundi nacho kina baruti yake. Siku mwanachama anaposimama na kusema "tuvunje leo, tugawane, kila mtu ashike lake", huo ni mlipuko. Utapata samaki wa siku moja.

Kwa hiyo hatusemi sanduku liachwe wazi. Tunasema lifungwe kwa akili. Ombi letu kwa Mkutano Mkuu ni mambo matatu, kama yale ya mama wa Pemba.

Kwanza, mfuko wa jamii urudishwe, na uandikwe kwenye katiba kwamba haufungwi mwezi wowote. Mgonjwa, msiba, mtoto wa kupelekwa shule: watunza funguo waitane siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mwenye shida asisomewe katiba kabla hajapewa kiti.

Pili, viongozi, na sisi tukiwamo, tusikope nje ya kikao. Hata shilingi elfu moja. Kila mkopo uhesabiwe mbele ya macho ya wote.

Tatu, siku ya kugawana tuipange mapema. Mnajua wenyewe inavyokuwa: wadai wanasimama mlangoni, shemeji anakumbuka undugu, na baba watoto anakuja kumchukua mkewe kwa pikipiki, yeye ambaye mwaka mzima hakujua kikao kinakaa wapi. (Msicheke, baba zetu, mmo humu.) Tunapendekeza kila mwanachama aandike miezi miwili kabla fedha yake itafanya nini: mabati, mbuzi, ada, mtaji. Akishaandika, kikundi kimsaidie kununua. Aliyengoja mwaka mzima asirudi nyumbani na vilivyobaki pembeni.

Yale makapu matatu ya dagaa mnayoyaona pale mlangoni ni mchango wetu wa kuanzisha huo mfuko. Yatauzwa baada ya sherehe, na bei haitapunguzwa kwa ajili ya undugu.

Miaka kumi si kidogo. Tulianza kikundi chini ya mti, sanduku limebebwa kichwani, watu wakisema hata mwaka hatumalizi. Tumefika. Lakini miaka kumi mingine haitakuja kwa kufuli tu. Mama yule wa Pemba, siku tunaondoka, alitusindikiza mpaka kwenye gari na kijiti chake mkononi, maana maji yalikuwa yanaanza kupwa na alikuwa ana haraka. Tukamuuliza kama mwamba uliofungwa utafunguliwa karibuni. Akasema, "Bado bamvua mbili." Halafu akaenda zake upande ulio wazi.

Sisi nasi tumuachie mwenzetu upande ulio wazi. Kiti chake tumekiweka pale mstari wa mbele. Mkutano Mkuu ndio utakaoamua kama atakikalia.