KIPIMO KIFUATE KAZI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalobishaniwa sana: je, mwanamke anayeomba kazi ya jeshi apimwe kwa kipimo kile kile cha mwanamume? Jambo hili si geni kwetu. Tangu mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, wavulana na wasichana wanaomaliza kidato cha sita huitwa pamoja. Lakini nitachukua mfano wa Marekani, maana huko ubishi umefanywa hadharani.

Kanuni ya mwaka 1994 iliwazuia wanawake wa Marekani kuingia vikosi vya mapigano ya ardhini. Iliondolewa Januari 2013, na Desemba 2015 Waziri wa Ulinzi Ash Carter akatangaza kwamba kazi zote za jeshi ziko wazi. Wako waliosema kipimo kitashushwa. Wako waliojibu kwamba kipimo chenyewe kiliwekwa na wanaume kwa ajili ya wanaume.

Tazameni mafunzo ya Ranger. Huko mtu hukimbia maili 5 kwa dakika 40, tena hutembea maili 12 na mzigo mgongoni kwa saa 3. Aprili 2015 walianza wanawake 19. Agosti wakahitimu wawili, Kristen Griest na Shaye Haver. Oktoba akafuata Lisa Jaster. Walirudia baadhi ya hatua, kama wanavyorudia wanaume wengi, lakini kipimo kilikuwa kimoja. Basi asiseme mtu kwamba mwanamke hawezi. Wala asiseme mtu kwamba kipimo kimoja kitaleta idadi sawa: walikuwa 3 kati ya 19.

Sasa tazameni upande wa pili. Jeshi la nchi kavu lilitunga mtihani mpya wa nguvu za mwili, likitaka askari wote wapimwe sawa. Zoezi moja lilikuwa kuning'inia kwenye chuma na kuinua magoti mpaka yaguse viwiko. Wanawake wengi hawakuweza hata mara moja. Ndipo likaja swali: karani wa ghala analihitaji zoezi hili kwa kazi gani? Mwaka 2022 liliondolewa, na alama zikapangwa kwa umri na jinsia. Tangu Juni 2025 kuna mtihani mwingine: walio katika kazi 21 za mapigano hawapimwi kwa jinsia, wengine bado hupimwa hivyo.

Ndugu zangu, hapa pana vipimo viwili vinavyochanganywa. Kipimo cha afya huuliza kama mwili wa mtu huyu ni mzima. Hicho ni haki kuangalia umri na jinsia. Kipimo cha kazi huuliza kama kazi itafanyika. Kombora la mzinga wa milimita 155 lina uzito unaozidi kilo 40, na halipungui uzito kwa sababu anayelibeba ni mwanamke. Majeruhi naye ni vivyo hivyo.

Septemba 2025 Waziri Pete Hegseth aliwaambia majenerali kwamba katika kazi za mapigano kitumike kipimo cha juu cha mwanamume. Mimi nasema jina hilo limekosea. Kipimo kikiitwa cha mwanamume, kazi yenyewe imesahauliwa. Kiitwe cha mzinga, cha kifaru, cha machela. Kisha apite anayeweza.

Vijana, shule hii ni ya wavulana, na ni rahisi humu kudhani kwamba kila kipimo tulichokikuta kimeumbwa na Mungu. Kesho mtakaa kwenye kamati za kuajiri. Sisi watumishi wa serikali twajua jinsi sharti moja lililoandikwa ovyo linavyoweza kumfungia mlango mtu anayefaa, au kumfungulia asiyefaa. Kabla ya kuandika sharti, iulizeni kazi. Na mwanamke akishapita, apewe nafasi yake bila minong'ono.