Kondo la Nyuma na Somo la Vitamini



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya udaktari. Msishangae nikizungumzia uja uzito mbele ya shule ya wavulana. Kila mmoja wetu alilishwa na kondo la nyuma, na wengi wenu mtakuwa waume wa wajawazito.

Mimba inapokwenda vyema, chembechembe za kondo huingia katika mishipa ya damu ya mji wa mimba na kuipanua, damu ipite kwa wingi na kwa upole. Kwa baadhi ya wanawake mishipa hiyo hubaki myembamba. Kondo hukosa oksijeni ya kutosha, nalo humwaga katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa yake mwili mzima. Baada ya wiki 20 shinikizo la damu hupanda, protini huonekana katika mkojo, na mwisho huweza kuwa kifafa cha mimba.

Wataalamu waliona kuwa kondo la namna hiyo huharibiwa na kemikali zinazolila kama kutu ilavyo chuma. Vitamini C na E hupinga kutu ya namna hiyo. Basi, kwa nini wajawazito wasipewe? Mwaka 1999, jaribio la wanawake 283 huko London lilileta matumaini makubwa. Mwaka 2006 likatangazwa jingine, la wanawake wapatao 2,400, wengi wao Uingereza: ugonjwa haukupungua, na watoto wa uzito mdogo walizidi upande wa waliopewa vitamini. Mwaka 2010 huko Marekani, kwa wanawake karibu 10,000, ugonjwa haukupungua vile vile. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri vitamini hizo zisitumiwe kwa kinga hiyo.

Vijana, hoja nzuri si ushahidi. Ipimeni.

Yaliyopimwa yakafaulu yapo: aspirini kidogo kwa walio hatarini, na sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo jaribio la mwaka 2002 katika nchi 33 lilionyesha hupunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini sindano haimfuati mtu nyumbani. Mke au dada mjamzito akilalamika kichwa kinamwuma sana, macho yana ukungu, uso umevimba, msiseme amepagawa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.