Daftari la Kazi
Mazungumzo kwa wakulima na watu wa mjini



Wazee wetu walituachia methali isemayo, mali bila daftari huisha bila habari. Watu wengi huichukua kuwa ni methali ya wenye maduka tu, wahesabuo shilingi na senti. Lakini iko mali moja ambayo kila mtu anayo, mwenye duka na asiye nalo, nayo ni siku zake. Mali hiyo pia huisha bila habari. Kwa sababu hiyo nataka kuzungumza nanyi leo juu ya daftari dogo la kazi, lile liwezalo kununuliwa kwa fedha kidogo na kutiwa mfukoni.

Pengine mtu atauliza, "Daftari la nini, nami ninacho kichwa?" Kichwa hukumbuka jambo, lakini mara nyingi husahau siku yake, na kazi nyingi hazina faida ila zikifanywa kwa siku yake.

Tuchukue mfano wa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe asiye na mimba hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, na hali hiyo haidumu siku nzima. Akionekana asubuhi amesimama kimya huku wenzake wakimpanda, yafaa apandishwe jioni ya siku ile ile. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi ya pili. Nafasi hiyo ikipita, mwenyewe hana budi kungoja siku 21 nyingine, na ng'ombe yu vivyo hivyo anakula majani. Ikipita mara mbili, zimekwenda siku 42. Hakuna mwizi aliyeingia zizini, lakini mali imepotea.

Sasa mtazameni mkulima mwenye daftari. Tuseme ng'ombe wake alipandishwa tarehe 3 Machi. Papo hapo huandika mistari mitatu. Tarehe 24 Machi: kumwangalia kama anataka dume tena. Tarehe 9 Oktoba: kuacha kumkama, apate kupumzika siku 60 kabla ya kuzaa. Tarehe 8 Desemba: kuwa tayari kwa kuzaa, kwa maana mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Mistari mitatu tu, nayo imemlindia kazi ya miezi tisa.

Huko mjini mambo ni yale yale. Fundi wa nguo hupokea kitambaa na kusema, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ikifika nguo haijakatwa, na mwenye kitambaa huenda akitangaza kwamba fundi yule ni mwongo. Huenda si mwongo hata kidogo. Ameahidi watu kumi, akawakumbuka sita. Lakini ahadi ni deni, na mwenye kudai hawezi kutambua tofauti kati ya uongo na usahaulifu. Wateja huhamia kwa fundi mwingine, wala hawarudi kumweleza sababu.

Basi daftari lishikwe namna gani? Mwaka 2013, Mmarekani mmoja aitwaye Ryder Carroll, ambaye tangu utoto aliona taabu kuituliza akili yake juu ya jambo moja, aliwatangazia watu njia aliyojitengenezea. Ni nyepesi sana. Kila kazi hupewa mstari wake, na mbele yake hutiwa nukta. Kazi ikiisha, nukta hugeuzwa kuwa alama ya msalaba. Kazi isiyokwisha hutiwa alama ya mshale, kisha huandikwa upya katika ukurasa wa mbele.

Huko kuandika upya ndiko kwenye hekima. Mtu aliyekwisha kuiandika kazi moja mara nne hulazimika kujiuliza: je, kazi hii yafaa kweli? Kama yafaa, na ifanywe kesho kabla ya nyingine. Kama haifai, na ifutwe, ili isiendelee kumchosha bure. Kichwa hakimwulizi mtu swali hilo. Mkono ulioshika kalamu humwuliza.

Wengine hutumia simu ya mkononi kwa kazi hii, wala si vibaya. Lakini daftari halihitaji umeme, na mke au mtoto aliyebaki nyumbani aweza kulifungua na kujua kazi ya siku hata kama mwenyewe amesafiri.

Nawapeni mashauri manne. Kwanza, liwe daftari moja tu, kwa maana karatasi zilizotawanyika hupotea. Pili, kila kazi iandikwe pamoja na tarehe yake. Tatu, iandikwe pale pale inapoahidiwa, wala isingojee jioni. Nne, nalo ndilo kubwa, daftari lisomwe kila asubuhi kabla ya kutoka, na kila usiku kabla ya kulala. Daftari lisilosomwa ni kama jembe lililoning'inizwa ukutani: lipo, lakini halilimi.

Asiyejua kuandika asikate tamaa. Katika nyumba nyingi yupo mtoto wa shule. Mzee na ataje, mtoto aandike, na asubuhi amsomee. Hivyo shamba litapata faida, na mtoto naye atajifunza mapema kwamba siku ni mali, nayo yapaswa kuhesabiwa.