Saa Kuukuu Yenye Jina Kubwa

Leo twapenda kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachotosha katika kiganja cha mkono, nacho ni saa.

Siku moja tulikuwa mjini Migori, karibu na stendi. Kijana mmoja mwenye adabu akatujia, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na saa ya Uswisi, ya kutia ufunguo, yenye jina kubwa. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, mkanda umekatika, na uso wake umegeuka rangi ya chai. Lakini tulipoiweka sikioni, ililia. "Mzee," akasema, "ilikuwa ya marehemu baba. Nipe shilingi 38,000."

Tuseme kweli, tuliitamani. Tulijiona tukiingia arusini nayo, tumekunja mkono wa shati kidogo ili ionekane. Nyumbani tulikuwa na shilingi 40,000, tulizoziweka kidogo kidogo kwa ajili ya tangi la maji. Kijana alipoona twasita, akashuka mpaka 25,000. Moyo wetu ukaruka kwa furaha. Ndugu msikilizaji, ikumbuke furaha hiyo, maana tutairudia.

Tulimwomba kijana atungoje siku chache. Jioni mama watoto alituuliza swali moja tu: "Wataka kujua saa, au wataka watu wajue kwamba una saa?" Hatukuwa na jibu. Simu iliyo mfukoni yatuonyesha wakati. Tena saa ya betri ya bei nafuu, ya namna iliyoanza kuuzwa na Seiko huko Japani mwaka 1969, hushika wakati vizuri kuliko saa nyingi za springi za bei kubwa. Basi anunuaye saa kama ile hanunui wakati. Hununua uzuri, au kumbukumbu, au sifa. Si vibaya kupenda kazi nzuri ya mikono, lakini ni vema mtu ajue ananunua nini.

Ndugu zetu wa Nyatike, wachimbao dhahabu pande za Macalder na Osiri, wametutangulia kwa akili. Hawapimi jiwe kwa kung'aa kwake. Hulisaga, hulisafisha kwa maji, ndipo waseme thamani yake. Nasi tukamwambia kijana kwamba twataka saa ifunguliwe na fundi. Akakubali. Kwao ni Homa Bay, akasema, na huko yuko fundi aliyemjua baba yake. Basi Jumamosi tulipanda matatu pamoja, tukapita Awendo na Rongo, tukashuka Homa Bay.

Fundi alifungua kifuniko cha nyuma, akatazama kwa kioo chake, akanyamaza. Kisha akatuonyesha kutu. Alitueleza kwamba gurudumu la saa ya namna hiyo hupiga mara 5 kila sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku moja. Mafuta yake hukauka, na vyuma vikavu hulana. Tukamwuliza, je, saa za namna hii si haziingii maji? Maana watu wamezoea maneno hayo tangu Rolex ilipotoa saa yake iitwayo Oyster mwaka 1926. Akacheka. "Mpira wa kuzuia maji huzeeka kama sisi," akasema. Kuisafisha, pamoja na vipande vya kuagiza Nairobi, kungetaka shilingi 22,000. Basi ile 25,000 ilikuwa imekwisha kuwa 47,000, na tangi letu limezama ndani yake.

Kisha fundi akatuuliza, "Mama yake anajua?" Tukaona haya, maana swali hilo lilikuwa letu la kwanza. Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, yahesabu kuwa kosa kupokea mali ya wizi hali ukijua, au ukiwa na sababu ya kudhani, kwamba imeibwa. Kumwuliza mtu mali yake imetoka wapi si kumtukana. Mwenye haki hafichi.

Kijana hakukasirika. Alitupeleka kwa mama yake, kando ya ziwa, mahali akina mama walipokuwa wakianika omena. Mama akatukaribisha, akasema, "Ni ya mume wangu kweli. Ilianguka ziwani siku moja akiwa katika mashua, na tangu hapo haikupona sawasawa. Naridhia iuzwe. Karo ya binti yangu yatakiwa Jumatatu."

Wapenzi wasikilizaji, hapo ndipo tulipoelewa kwa nini bei ilishuka upesi namna ile. Kijana hakujua habari ya kutu, wala hakushusha bei kwa sababu yake. Alishusha kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakaribia. Nasi kule stendi tulikuwa tumefurahia Jumatatu ya mjane.

Hatukuinunua. Tulimweleza mama yote aliyosema fundi, ili mnunuzi mwingine asimdanganye, wala yeye asimdanganye mtu bila kujua. Tukachangia karo kadiri ya uwezo wetu, wala hatukuchukua kitu. Tangi la maji likachelewa mwezi mmoja. Mama watoto hakunung'unika.

Hatusemi kwamba saa kuukuu isinunuliwe. Kama fundi ameifungua, kama mwenyewe anajulikana, kama gharama ya kuitengeneza imehesabiwa pamoja na bei, na kama fedha hizo hazikutolewa kinywani mwa watoto, inunue na uifurahie. Lakini mtu akikupunguzia bei ghafula, usishangilie kwanza. Mwulize, "Ndugu yangu, una shida gani?" Pengine jibu lake litakugharimu. Hata hivyo utalala usingizi, na asubuhi utaweza kumtazama usoni.

Wewe msikilizaji, je, kuna kitu nyumbani mwako ulichokipata rahisi kwa sababu mwingine alikuwa na haraka? Lifikiri jambo hilo leo.

Mpaka tutakapokutana tena, Mungu awe nanyi. Kwaherini.